Dawa za Buibui

Mwezi uliopita mwanangu aliamka shingo imevimba upande mmoja, ngozi nyekundu, na katikati ya ule wekundu vitone viwili vimekaa karibu karibu kama vilivyochomwa na pini. Tunakaa Bungoma mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye dari ya mbao, na buibui wa dari ile hawamaliziki hata ukifagia kila Jumamosi. Jirani yangu, aliyekuja kuanua nguo zake, alimshika mtoto kidevu, akamgeuza, akacheka. "Huyu amekojolewa na buibui tu. Mpake kitu, kesho itakuwa imeisha." Alisema kweli. Kesho yake uvimbe ulikuwa umenywea, na kesho kutwa mtoto hakukumbuka hata ni upande upi uliokuwa ukimwasha. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama uani na beseni la nguo mkononi, maana maneno yale sikuwa nimeyasikia kwa miaka mingi, na ndiyo yaliyotutoa nyumbani mimi na mama yangu.

Nyumbani kulikuwa Tongaren, kwa upande wa baba. Shamba lilikuwa la marehemu babu, na ndani yake mlikuwa na nyumba tatu: ya nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita nyanya; ya Baba Mkubwa, kaka yake baba, na mkewe; na yetu, ndogo kuliko zote, ya udongo na mabati, iliyoegemea ghala la mahindi. Baba simkumbuki sana. Alikuwa utingo wa lori la mahindi, anaenda Mombasa anarudi, na kila akirudi ananiletea mabuyu yaliyotiwa rangi, nashinda siku nzima midomo myekundu. Kisha safari moja akarudi amekonda, akalazwa chumbani kwa Kukhu, na Kukhu akamuuguza mwenyewe, mlango umefungwa, hataki msaada wa mtu. Wakati wa palizi akafa. Niliambiwa ni kifua, nikaridhika. Mtoto hana haja ya kujua zaidi ya anachoambiwa.

Mama alikuwa mwanamke wa kupiga mluzi. Akisonga ugali anapiga mluzi, akipukuchua mahindi anapiga mluzi, na Kukhu akilalamika kwamba mwanamke wa mluzi huita nyoka, Mama hucheka na kuinamisha kichwa, ananyamaza kidogo, halafu unausikia tena, chinichini, kama birika inayoanza kuchemka.

Mwaka mmoja hivi baada ya baba kuzikwa, Mama aliamka hawezi kuvaa blauzi. Alimwita Kukhu, nami nikaingia nyuma yake. Kuanzia katikati ya mgongo, upande wa kushoto, malengelenge yalikuwa yamejipanga mstari, yakazunguka ubavuni hadi chini ya ziwa, mengine madogo kama punje za wimbi, mengine yamepasuka yanatoa maji. Yalikaa upande mmoja tu. Upande wa kulia ngozi yake ilikuwa safi kabisa. Mama alikuwa anatetemeka kwa maumivu. "Inachoma kama mtu ameweka makaa," alisema.

Kukhu aliangalia muda mrefu bila kugusa. Kisha akasema, "Ni buibui. Umekojolewa na buibui ukilala."

"Buibui anaweza kufanya hivi, Mama?" mama yangu alimuuliza.

"Anaweza. Anatembea kwa mwili akikojoa, ndio maana umetoka mstari." Akanifukuza kwa mkono, lakini sikwenda mbali, na nikiwa mlangoni nilimsikia akiongeza, "Tuombe tu isizunguke ikutane. Ikikutana, mtu anaenda."

Leo ugonjwa ule wauguzi wanauita mkanda wa jeshi, na hauna uhusiano wowote na buibui. Lakini siku zile nilichojua ni kwamba katika nyumba yetu mna buibui aliyetembea juu ya mama yangu. Kila asubuhi nilimwomba Mama ainue nguo nione kama mkanda umezunguka. Nilipima kwa vidole nafasi iliyobaki. Halafu nikachukua ufagio nikamsaka mwenye kosa. Nilitoa utando kwenye pembe zote, nikafunua kalenda ukutani na kuwakuta wale buibui bapa waliojibana kama vifungo vya koti, nikawaponda kwa kandambili. Mama aliponiona alicheka, ingawa kucheka kulimuumiza, akasema, "Mwanangu askari."

Mkanda haukukutana. Ulikauka, ukaacha makovu meusi. Lakini Mama alikuwa amekwenda zahanati peke yake, kwa miguu, na aliporudi jioni hakupiga mluzi. Alirudi tena huko wiki iliyofuata, na nyingine.

Sikumbuki ni baada ya muda gani nilipomwona na kopo. Ilikuwa jioni, ugali uko mekoni, nami nilikuwa nimetumwa kuteka maji nikarudi mapema kuliko alivyotarajia. Alikuwa amepiga magoti kando ya debe la maharagwe, mkono umezama ndani ya maharagwe hadi kwenye kiwiko, akatoa kopo jeupe la plastiki. Karatasi yake ilikuwa imekwanguliwa. Ndani, juu ya vidonge, alikuwa ametia pamba ili visitoe sauti. Alimeza kimoja, akageuka, akaniona.

"Ni nini hiyo, Mama?"

"Ni dawa."

"Ya nini?"

Akatafuta jibu. Nilimwona akilitafuta, macho yanakwenda ukutani na kurudi. "Ya buibui. Si unakumbuka yule alinikojolea?"

"Si ulipona?"

"Ngozi ndio ilipona. Sumu yake iliingia ndani. Hii inamlaza. Nikimeza kila siku analala, hanisumbui."

"Na ukiacha?"

"Ataamka." Akalirudisha kopo ndani ya maharagwe na kuyasawazisha juu kwa kiganja. "Naliaka, usimwambie mtu. Hata Kukhu. Hii ni yetu mimi na wewe."

Nilitikisa kichwa kukubali, na nilikubali kwa moyo wote. Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa. Kila jioni nilisimama mlangoni bila kuambiwa, nimempa Mama mgongo, nikiangalia kama kuna anayekuja, hadi nisikie maharagwe yakisawazishwa.

Ilikuwa wakati wa mavuno nilipoumwa. Shule zilikuwa zimefungwa. Akina mama wa ushirika wa kanisa walikuwa wamekuja kwetu siku hiyo kusali, zamu ya Mama kuwapokea, na nyumba yetu ndogo ilijaa leso na vitabu vya nyimbo. Mimi nilikuwa ghalani nikichambua mahindi, mazuri huku, yaliyooza kule. Nilitia mkono kwenye gunia tupu lililokunjwa pembeni nikahisi kitu kama mwiba, chini ya kidole gumba. Nilipoutoa mkono, buibui wa rangi ya udongo, si mkubwa, miguu yake imekunjamana, alianguka juu ya magunzi akakimbia.

Hakuumiza sana. Kusema kweli, mwiba wa mchongoma ulikuwa umenichoma vibaya zaidi wiki hiyo hiyo. Lakini nilikaa pale nikiutazama mkono, na mkono ukaanza kuvimba, ukawasha, ukawa moto, na vile vitone viwili vikaonekana wazi. Nikakumbuka mkanda. Nikakumbuka sumu inayoingia ndani. Nikainua sweta kutazama kama mstari umeanza kupanda mkononi, na kwa kuwa nilikuwa nautafuta niliuona. Nilipiga kelele nikakimbia nyumbani.

Walikuwa wamemaliza sala, wanakunywa chai. Niliingia katikati yao nikilia, nimeushika mkono kama mzigo. "Mama, buibui ameniuma! Nipe dawa zako!"

Mama aliweka birika chini. "Njoo nione."

"Nipe dawa! Inaingia ndani!"

"Dawa gani, Naliaka? Njoo hapa nikuoshe."

"Zile za buibui! Zile unameza jioni! Ziko kwa debe ya maharagwe!"

Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, ndiye aliyekuwa karibu na debe. Nataka kumtendea haki: hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwanamke wa kuhurumia watoto, na mbele yake kulikuwa na mtoto analia anaomba dawa. "Wacha kulia, mayi, nakutolea," alisema, akiniita mama kwa kunibembeleza, akatia mkono ndani ya maharagwe. Mama alisema, "Hapana, achana nayo," lakini alisema polepole mno, kama mtu anayeota. Kopo lilikuwa limekwisha kutoka.

Mmoja wa wageni alikuwa mama aliyesaidia zahanati kutembelea wagonjwa vijijini. Mama Mkubwa alimpa kopo asome, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua mambo ya dawa. Yule mama alitazama mahali palipokwanguliwa, akafungua kifuniko, akatoa pamba, akaangalia ndani. Akairudisha pamba, akafunga, akaliweka kopo mezani taratibu, akaiondoa mikono yake.

"Hizi si za buibui," alisema.

Hakuna aliyeuliza ni za nini. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nazungumza. "Nipe moja tu, Mama. Moja tu, alale."

Mama alinipakata mbele ya wote, nikiwa mkubwa wa kutosha kuona haya. Aliuosha mkono wangu kwa sabuni na maji baridi, akaukausha kwa leso yake, akaupuliza. "Hii ni ndogo," aliniambia sikioni. "Hii ni ya kawaida. Itaisha." Sauti yake ilikuwa imetulia kiasi kwamba nilinyamaza. Nilipoinua kichwa, wageni walikuwa wanaondoka, mmoja mmoja, wakiinama kwenye mlango wetu mfupi, na vikombe vyao vya chai vilikuwa mezani, vingine havijaguswa.

Nilidhani wameogopa buibui. Kwa siku mbili nilidhani hivyo. Binamu zangu walipokatazwa kuingia kwetu, nilidhani ni kwa sababu nyumba yetu ina buibui. Mama Mkubwa alipokuja kuchukua sufuria zake zilizokuwa kwetu, na kuzisugua kwa majivu pale pale uani huku akilia, nilidhani amechukia utando. Nikafagia. Mkono umevimba kama andazi, nikafagia kuta zote mara mbili.

Siku ya tatu, saa za mchana, Baba Mkubwa alimwita Mama uani. Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake na ungo wa maharagwe magotini. Baba Mkubwa hakupaza sauti, na hiyo ilinitisha kuliko kama angepaza.

"Ndugu yangu alikuwa mtu wa nguvu zake," alisema. "Alibeba gunia la mahindi kama mtu anabeba mtoto. Mpaka akakuoa wewe. Sasa tumeelewa."

"Shemeji, si mimi niliyemletea," Mama alisema. "Muulize Mama. Mama alimuuguza."

Wote wawili walimgeukia Kukhu. Kukhu alichagua maharagwe. Alitoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine. Hakuinua macho.

"Ati Mama anajua nini?" Baba Mkubwa akasema. "Mzee kama huyu unamwingiza kwa mambo yako? Wewe nenda, bana. Nenda kwenu kabla watoto wa hapa hawajaisha."

Uvimbe wa mkono wangu ulipungua siku hiyo. Siku ya nne tulihama.

Kwao Mama kulikuwa Bumula, ambako kaka yake, Mjomba, alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Lakini Mama hakutaka kwenda huko. "Nitamwambia mama yangu nini?" alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. Tukapanda nyuma ya pikapu iliyobeba kabeji, tukateremkia Kitale, na Mama akapata chumba Kipsongo, mtaa wa mabanda wa mji ule, chumba cha udongo uliobandikwa makaratasi ya maboksi. Alifua nguo za watu kwenye nyumba za wenye kazi. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Kiturkana, Mama Akiru, muuza kuni, mrefu, asiye na maneno mengi, ambaye siku ya kwanza alituletea moto kwenye kigae bila kuombwa, akasema "Sasa, jirani," akaenda zake.

Nilipomuuliza Mama kwa nini tumehama, alisema, "Nyumba ile ilikuwa na buibui wengi." Basi nikajua kazi yangu. Kila siku Mama akienda kufua, nami nikitoka shule, nilisaka buibui nyuma ya yale maboksi. Niliwaua nikawaweka kwenye kiberiti. Kiberiti kilipojaa nikampelekea.

"Hawa ni wa nini?" aliuliza.

"Nikiwamaliza wote, tutarudi kwa Kukhu?"

Mama alikifunga kile kiberiti. Alikaa nacho kitandani muda mrefu akikigeuza mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata baba alipozikwa sikumbuki, na sikujua kwamba mtu mzima hulia hivyo, bila sauti, mdomo wazi. Nilimwambia nitaongeza bidii.

Vidonge alivyokuja navyo vilikwisha. Faili lake lilikuwa kule zahanati, na ili apewe dawa Kitale alitakiwa kuleta barua, na kuleta barua ni kurudi kule, kukaa kwenye benchi lile, mbele ya watu wale. Mama Akiru, aliyekuwa amekwisha kujua bila kuambiwa, alimhimiza aende hospitali ajieleze tu, watamsaidia. "Nitaenda wiki ijayo," Mama alijibu. Wiki ijayo ikawa na wiki yake ijayo. Mimi niliona tu kwamba hamezi tena. Nilimuuliza.

"Amelala sasa," alisema. "Wacha alale."

Nilifurahi. Hili ndilo ninaloona vigumu kulisema hata leo: nilifurahi, na nilijisifu moyoni, kwa kuwa niliamini ni mimi niliyewamaliza.

Alikohoa msimu mzima wa mvua. Alianza kuacha nguo za watu nusu, kisha hakuweza kubeba maji, kisha hakuweza kuamka. Mama Akiru ndiye aliyempakia kwenye mkokoteni wake wa kuni akamsukuma hadi hospitali. Walimkuta na kifua kikuu, wakamwanzisha dawa za kifua na zile nyingine tena, na muuguzi mmoja alimkemea kwa upole kwamba hata bila barua wangempokea siku ile ile ya kwanza. Alirudi nyumbani na mifuko miwili ya dawa na mwili wa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwosha mgongo na kuyaona makovu ya ule mkanda, bado yako pale, meusi, upande mmoja.

Siku moja nilipokuwa namlisha uji, nilimwambia. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Shuleni walikuwa wametufundisha, na mwalimu alipoonyesha picha ya kopo nililitambua.

"Mama, ni mimi niliyesema. Ulinikataza, na mimi nikasema mbele ya watu."

Alisukuma kijiko pembeni. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Ulikuwa unaumwa mkono," alisema. "Mtoto akiumwa anaomba dawa. Sasa ungeomba nani?"

"Lakini nilikuahidi."

"Mimi ndio nilikuambia ni za buibui. Wewe uliamini mamako. Hiyo ndio makosa yako?" Alifumba macho, akafumbua. "Ni ukimwi, Naliaka. Nasema mara moja usikie kwangu. Na wewe huna. Ile siku nilikupeleka ati tunaangalia minyoo, walikupima hiyo. Huna. Sasa leta uji."

Hakurudia tena jambo lile, wala hakunipa nafasi ya kulirudia. Alikunywa uji wote siku hiyo. Nadhani alijilazimisha.

Alikufa baada ya wiki mbili, asubuhi, wakati nimeenda kuteka maji. Mama Akiru alikuwa naye.

Mjomba alikuja kutoka Bumula na alitaka kumzika kwao. Lakini kabla hatujaondoka Kitale, Kukhu alitokea Kipsongo, amevaa viatu vya kanisani vilivyojaa matope, akiongozwa na mtu aliyemwonyesha njia. Sijui nani alimpa habari. Alimwambia Mjomba, "Huyu ni mke wa mwanangu. Ataenda kulala kando ya bwana yake." Mjomba akasema, "Mlimfukuza." Kukhu akasema, "Ndiyo. Sasa namrudisha." Walibishana hadi Mjomba akachoka.

Kwa hiyo tulimzika Tongaren. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na wale akina mama wa ushirika walisimama pamoja nyuma, na leso zao. Baba Mkubwa alizungumza kwa ufupi, mambo ya kumshukuru Mungu na hali ya hewa na wageni kutoka mbali. Alipomaliza, Kukhu aliinuka bila kuitwa.

"Mimi nina neno," alisema.

"Mama, keti. Tuombe tumalize," Baba Mkubwa akasema, akamshika mkono. Kukhu akautoa mkono wake.

"Mlisema huyu msichana aliua mtoto wangu. Nisikieni. Mtoto wangu alirudi kutoka safari na mkanda kwa mbavu, hapa. Mimi ndio nilimwosha. Daktari akaniita kando, akaniambia ni ukimwi. Nikaogopa nyinyi. Huyu naye alipotoka mkanda, niliangalia nikajua, na mdomo wangu ukasema ni buibui. Nilitaka jina la mtoto wangu libaki safi." Alimgeukia Baba Mkubwa. "Mlimfukuza nikiwa nimeketi pale nachagua maharagwe. Nilijua, na nilinyamaza. Hayo tu."

Akaketi. Mchungaji alikohoa, akaanza sala. Mimi nilikuwa nimeutazama mdomo wa Kukhu wakati wote huo, na nilichowaza si kwamba amesema kweli mbele ya watu, jambo ambalo sasa najua lilihitaji moyo mkubwa. Niliwaza kwamba amesubiri hadi Mama hawezi kusikia.

Jioni hiyo Mjomba alinichukua Bumula. Kukhu alitusindikiza hadi njiani. "Naliaka, si utakuja likizo?" aliuliza. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaifunga na kuifungua hadi Mjomba aliponiita.

Kwa Mjomba nilipendwa. Nilisoma, nikaingia sekondari ya bweni. Kila likizo Kukhu alituma mtu na kifurushi cha njugu karanga alizokaanga mwenyewe, na kila mara ujumbe ule ule: niende, hata siku moja. Nilizila njugu. Sikwenda. Mama alinisamehe kabla kijiko cha uji hakijapoa, mimi niliyemvunjia siri yake. Kukhu alifanya kosa linalofanana na la Mama, aliupa ugonjwa jina la mdudu kwa sababu ya kumpenda mtoto wake, nami sikuweza kumsamehe kwa miaka mitano. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama. Mama hakuwa ameniomba kitu kama hicho.

Nilipokuwa kidato cha pili, Mjomba alipiga simu shuleni, nikaitwa ofisini. Aliniambia Kukhu amezidiwa, hatambui watu, ila ananitaja jina, anauliza kama nimefika. Amekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu, nimepewa ruhusa ya siku tatu, na anaweza kuja kunichukua siku hiyo hiyo.

Nilimwambia amwambie Kukhu nina mtihani. Alikufa Ijumaa. Wiki ile shuleni kwetu hakukuwa na mtihani wowote.